Sabato Mbili za Mama Apaula

Zilikuwa zimebaki siku nne tu. Elekana alikuwa shambani kwake juu ya kilima akipalilia magimbi, na kila alipofika mwisho wa tuta alihesabu upya: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, halafu Jumamosi yenyewe. Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi na kijiji kizima kilikuwa kimelala kwa shibe, lakini yeye usingizi ulimpaa. Jumamosi, tarehe thelathini Desemba, mama yake angetimiza miaka themanini, na alikuwa ameahidi kwamba akifika themanini atasema waziwazi ni nani kati ya watoto wake wawili anayesoma Maandiko sawasawa: Elekana, au dada yake Sapina.

Mwanamume wa miaka hamsini na minne, mzee wa kanisa, mwenye kitambi chake na heshima zake, kuhesabu siku kwa ajili ya neno la mama yake ni jambo la kuchekesha. Mcheke, lakini mjue kwamba alizaliwa wa pili. Sapina ndiye aliyejua kusoma kwanza. Sapina ndiye aliyepelekwa sekondari mjini Apia, wakati yeye alibaki hapa kisiwani Savai'i kukuna nazi. Maisha yake yote hakumbuki hata siku moja mama yao aliposema, "Hapo Elekana amepata, Sapina amekosa." Alilitaka neno hilo kuliko alivyothubutu kumwambia hata mkewe Makerita, ambaye bila shaka alikuwa akilijua jambo lenyewe tangu siku ya harusi.

Ugomvi wao ulianza mwaka ule nchi nzima ya Samoa ilipolala Alhamisi ikaamka Jumamosi. Serikali ilikuwa imeamua kuihamishia nchi upande wa pili wa mstari wa tarehe, ili wafanyabiashara wa Apia waende sambamba na wenzao wa New Zealand na Australia, na Ijumaa iliyokuwa katikati ikafutwa kwenye kalenda hivi hivi. Wengi kijijini walicheka, wakala, wakasahau. Lakini Elekana na Sapina ni Wasabato tangu enzi za babu yao, na kwa Msabato siku haifutwi hivi hivi.

Elekana alishika hesabu ya zamani. Tangu kuumbwa kwa dunia, alisema, Mungu hajaumba wiki ya siku sita, na mwanadamu hana ruhusa ya kuiumba. Ukihesabu saba bila kuruka, Sabato ya baba zetu inaangukia siku ambayo serikali sasa inaiita Jumapili. Basi akasali Jumapili, na Wakristo wengine wa kijiji, ambao wamekuwa wakisali Jumapili tangu wamisionari wateremke, wakampigia makofi njiani. "Karibu, Elekana! Umechelewa kidogo tu, miaka arobaini!"

Sapina naye akasema hapana. Mtu akipanda ndege kwenda Auckland anavuka mstari uleule, na akishuka anasali Sabato ya watu wa Auckland, hasimami uwanjani kudai siku yake iliyopotea. "Na sisi tumesafiri," alisema. "Tofauti ni kwamba tumesafiri tukiwa tumekaa." Akabaki na Jumamosi, na waliomwunga mkono wakajenga kanisa dogo la mabati karibu na daraja. Tangu hapo kaka na dada hawakula tena chakula kilichotoka kwenye umu mmoja, lile jiko la mawe ya moto. Kila nyumba iliwasha mawe yake, ikafunika chakula chake kwa majani yake, na moshi wa huku ukapishana na wa kule.

Na mama yao je? Mama Apaula alisema, "Nipeni muda nisome." Huku anasoma, akawa anasali siku zote mbili. Jumamosi alivaa kofia yake nyeupe akafuatana na Sapina hadi darajani. Jumapili alivaa kofia ileile akafuatana na Elekana. Kazi akafanya siku tano.

"Mama, amri inasema kazi ni siku sita," Elekana alimwambia siku moja. "Wewe unavunja amri kutoka upande wa pili."

"Kweli baba," mama alijibu. "Mwambie Mungu nimezeeka."

Kibaya zaidi ni jinsi alivyosoma. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi na Kitabu kilichoachia jalada, na alimtaka kila mtoto aje kumweleza hoja zake, akae chini, asome aya moja moja. Asipoelewa alirudisha nyuma. "Hebu hapo tena. Nieleze vizuri, nisije nikashindwa nikibishana na mwenzako." Na kweli alikwenda kubishana. Kwa Elekana alitetea hoja za Sapina, tena kwa ufundi kuliko Sapina mwenyewe. Elekana alirudi nyumbani kila mara akiwa na hakika kwamba mama yake yuko upande wa dada yake, kama kawaida, kama siku zote. Hakujua kwamba Sapina naye alikuwa akirudi kwake analalamika hivyohivyo.

Jumanne hiyo, Elekana aliposhuka kutoka shambani, alikuta Sapina amekaa kwenye mkeka katika fale ya mama yao, nyumba ya wazi isiyo na kuta, na mama mwenyewe yuko katikati anajipepea.

"Kaa, baba," mama alisema. "Tunazungumzia Jumamosi. Ninataka kula na watoto wangu. Umu mmoja."

Elekana na Sapina walitazamana, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu walikubaliana jambo, kwamba haiwezekani.

"Mama, Jumamosi ni Sabato yangu," alisema Sapina. "Siwezi kupika wala kupikiwa mpaka jua lizame."

"Na jua likizama Sabato yangu inaingia," alisema Elekana. "Mimi siwezi kugusa hata koleo mpaka Jumapili jioni."

"Basi tupike Ijumaa, tule viporo," alisema Sapina.

"Miaka themanini nile kiporo?" Mama aliacha kujipepea. "Tena hata hiyo themanini sijui. Mwaka ule walipoifuta Ijumaa, waliifuta siku yangu ya kuzaliwa. Ilikuwa tarehe thelathini. Sikuzeeka mwaka ule. Labda nina sabini na tisa."

Elekana alisogea mbele kwenye mkeka. "Mama, usianze. Ni themanini."

"Uliza serikali."

"Ni themanini, Mama! Uliahidi!"

Mama Apaula akacheka mpaka meno yake mawili ya dhahabu yakaonekana, na Sapina akainama kuficha kicheko chake.

"Haya, themanini," mama alisema. "Sasa sikilizeni. Elekana, Jumamosi mchana wewe uko huru?"

"Niko huru."

"Utachoma mawe, utapanga chakula, utafunika. Jua halijazama. Halafu utatoka hapo utakaa. Umu utaiva wenyewe, mawe hayana dini. Jua likizama, Sapina yuko huru. Atafunua, atapakua."

Hakuna mwanamke aliyewahi kufunua umu katika ukoo ule. Umu ni kazi ya wanaume, na dada ndiye wa kukaa mbele kwenye mkeka mzuri akaletewa.

"Mimi nifunue umu?" Sapina aliuliza. "Mama, watu watanionaje?"

"Watakuona unafunua umu."

Sapina akajaribu njia nyingine. "Amri inakataza hata mtumishi wa nyumbani asifanye kazi siku hiyo. Elekana akinipikia Jumamosi ni kama nimemtuma."

"Ni mtumishi wako?"

"Kwa mila zetu kaka humtumikia dada."

"Miaka kumi na miwili hajakuletea hata ndizi," mama alisema, "kwa hiyo hapo msiwe na wasiwasi." Elekana akatazama magoti yake. "Na hakuna atakayemtuma Jumamosi. Mimi ninamtuma leo, Jumanne. Wewe pia ninakutuma leo. Mbona mnashindwa kusoma vitu vidogo, na vikubwa mnagombania?"

Sapina alifikiri kidogo. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Na ile ahadi yako, Mama?"

"Tukishakula nitasema."

Habari za umu ule zilifika kila nyumba kabla giza halijaingia. Jumamosi alasiri, Elekana alipokuwa akipanga makumbi na vifuu kwa ajili ya moto, jirani yao mzee Petelo, Mkatoliki mwenye ulimi usiotulia, alikuwa tayari amekuja na kigoda chake.

"Nimekuja kuona dini," alisema akakaa. "Nguruwe yuko wapi?"

"Unajua hatuli nguruwe."

"Sherehe ya miaka themanini, Savai'i, bila nguruwe! Hata mimi ningegombana na dada yangu."

Elekana aliinamia makumbi yake. Aliwasha moto, akarundika mawe juu yake, akaenda kukamua tui. Alikuwa na kuku wanane, samaki wakubwa wawili aliowanunua alfajiri, mashelisheli, magimbi, na rundo la palusami, yaani yale majani machanga ya magimbi yanayofungwa pamoja na tui na vitunguu. Alifanya kazi kwa makini kuliko siku nyingine zote. Hiki kilikuwa chakula cha siku yake. Baada ya chakula hiki, Mama angesema.

Sapina alikuwa amerudi kutoka kanisani akiwa na gauni lake jeupe, na sasa alikaa ukingoni mwa fale pamoja na mama yake, mikono juu ya mapaja, akipumzika kwa nguvu zake zote. Aliona mdogo wake anatandaza mawe mekundu kwa koleo. Aliona anapanga mashelisheli pembeni na kuku katikati. Akafumba mdomo. Elekana akachukua palusami akaanza kuziweka chini kabisa, juu ya mawe yenyewe.

"Ele..." Sapina alisema, akanyamaza.

"Unasemaje?"

"Sisemi kitu. Leo ni Sabato."

"Kusema si kazi."

"Kuelekeza ni kazi."

"Basi usielekeze."

Sapina akavumilia pumzi tatu hivi. Halafu akageuka kwa mama yake na kusema, akiangalia bahari, "Mama, unakumbuka mwaka ule marehemu Baba alipoweka palusami chini kabisa, zikaungua zote, tukala majivu?"

"Ninakumbuka sana," mama alisema.

"Nilikuwa nakumbuka tu. Kukumbuka kunaruhusiwa."

Petelo alicheka nusura aanguke kwenye kigoda. Elekana alisimama na palusami mkononi, akavimba, halafu akazitoa moja moja akaziweka juu. Alifunika umu kwa majani ya migomba na ya mshelisheli, tabaka kwa tabaka, mpaka mvuke ukakatika. Alikagua pande zote. Jua lilikuwa bado lipo juu ya bahari kiasi cha viganja viwili. Akaenda kuoga, akavaa lavalava safi, kitambaa cha kujifunga kiunoni, na shati jeupe, akarudi akakaa upande wa pili wa mama yake.

Watu walianza kufika na mikeka yao: binamu, majirani, waumini wa daraja na waumini wa Jumapili, ambao walisalimiana kwa adabu sana na kukaa mbalimbali. Makerita alitandika majani ya kulia na kuhakikisha maji ya kunawa yapo, maana dakika zake za kufanya kazi nazo zilikuwa zinakwisha. Wote walitazama baharini. Sijui kama jua limewahi kutazamwa na Wasabato wengi hivyo kwa wakati mmoja.

"Limezama," alisema Petelo.

"Bado kipande," alisema Sapina.

"Bado," alisema Elekana.

Wakakubaliana mara ya pili kwa wiki moja. Kipande chenyewe kikawa uzi, uzi ukaisha. Elekana akaweka mikono juu ya mapaja. Sapina akasimama, akavua viatu, akafunga khanga juu ya gauni lake jeupe, na kushuka kwenye umu.

Na hapo Elekana akaona. Upande wa nyuma, usioonekana kutoka kwenye fale isipokuwa mahali alipokaa yeye, jani moja lilikuwa limeteleza na mvuke ulikuwa unatoka kama kwenye birika. Sapina alikuwa anafunua kutoka mbele. Akifunua hivyo mvuke wote ungempiga usoni. Elekana aliinuka nusu, akakumbuka, akakaa. Akakohoa. Akainuka tena.

"Una nini, baba?" mama aliuliza.

"Sina kitu. Ni Sabato."

"Kukumbuka kunaruhusiwa," alisema mama.

"Dada!" Elekana alipaza sauti. "Unakumbuka mwaka ule mvuke ulipomuunguza Baba usoni, kwa sababu hakuanzia upande wa nyuma?"

Hakukuwa na mwaka kama huo. Sapina alisimama, akamtazama, akazunguka nyuma ya umu. Mvuke ulipanda pembeni yake bila kumgusa, na harufu ya tui na kuku ikajaa fale nzima. Watu wakapiga kelele za furaha. Mwanamke wa miaka hamsini na saba alipanda ngazi na koleo mkononi, jasho linamtiririka, akapakua chakula, na alianza na mama yake, akafuata Elekana.

Walikula. Walikula kimya mwanzoni, halafu kwa kelele. Palusami zilikuwa laini mpaka Petelo akasamehe habari za nguruwe. Waumini wa daraja walianza kuomba chumvi kwa waumini wa Jumapili, wa Jumapili wakaomba maji. Elekana alikula kidogo. Kila mama yake alipofungua mdomo, aliacha kutafuna, na kila mara ilikuwa ni shelisheli tu inaingia.

Mwishowe Mama Apaula alinawa mikono, akajifuta, akavaa miwani yake ingawa hakuwa na kitu cha kusoma.

"Niliahidi," alisema. "Miaka miwili ya kwanza sikujua. Nilikuwa nasoma tu. Halafu nikaona Sapina ndiye anayesoma vizuri. Nikaona hivyo miaka tisa."

Elekana aliangalia mkeka. Miaka tisa. Alikuwa amejua tangu zamani.

"Mwaka huu, wakati wa mvua, nilirudi mwanzo, nikasoma polepole. Nikaona kuna mahali nilikuwa naruka. Sasa, kwa ninavyosoma mimi leo, ni Elekana. Sapina, mwanangu, nadhani umekosa. Elekana amepata."

Mtu mmoja wa upande wa Jumapili alisema "Amina!" kwa sauti kubwa kisha akajionea aibu. Furaha ilimjaa Elekana, furaha tupu, ya kitoto, ya miaka hamsini na minne. Alitaka kurudiwa yale maneno. Alitaka yaandikwe. Akageuka kumtazama Sapina, ili aone. Sapina alikuwa ameshika koleo mapajani, macho chini, akikwangua majivu kwenye mpini kwa ukucha.

"Na Sapina," mama aliendelea, "Jumamosi unipitie saa mbili. Leo tulichelewa, tukakuta wimbo wa kwanza umekwisha."

Watu wakatazamana. Petelo alishusha mfupa wa kuku. "Mama Apaula, mimi ni Mkatoliki, lakini hapa nimepotea."

"Mama," alisema Elekana, "si umesema mimi ndiye?"

"Nimesema."

"Sasa Jumamosi unakwenda kufanya nini darajani?"

"Kusali."

"Lakini siyo siku yenyewe!"

"Kwa ninavyosoma leo, siyo. Lakini miaka tisa nilisoma nikaona ndiyo, na nilikuwa na hakika hivihivi, tena macho yalikuwa mazima. Kama leo ndipo nimekosea je? Mungu aje darajani amkute Sapina peke yake, aulize mama yake yuko wapi?" Alivua miwani. "Umesoma vizuri, baba. Nimefurahi. Lakini mimi ni msomaji tu, sikuwepo siku inaumbwa."

Elekana alifungua mdomo kujibu, maana hoja ilikuwepo, hoja huwa haikosekani. Lakini hesabu nyingine ilikuwa imeanza kichwani mwake, akashindwa kuizuia. Miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa, mama yake hakukosa Jumapili yake hata moja. Alikaa benchi la mbele na kofia yake. Makerita alipolazwa hospitali, mama alishinda naye Jumapili nzima akiomba, hakugusa kazi, hakuwasha moto. Na mwaka ule Elekana aliposimikwa kuwa mzee wa kanisa, mama alilia mpaka wakamletea maji.

"Mama," aliuliza polepole, "siku niliposimikwa. Ulikuwa unaona nimekosea?"

"Ndiyo. Ulikuwa umekosea hesabu."

"Na ulilia."

"Nililia kwa furaha. Ulipendeza sana siku ile."

Watu wengine walicheka. Elekana hakucheka, lakini hakukasirika pia. Miaka tisa mama yake alimwona amekosea jambo kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, na katika miaka hiyo tisa hakuna siku moja, hakuna hata chakula kimoja, ambapo alimfanya ajihisi mkosaji. Yeye alikuwa na hakika juu ya Sapina kwa miaka kumi na miwili, na Sapina alikuwa ameijua hakika hiyo kila siku ya Mungu. Ilimuuma, na alijua kwamba inastahili kumuuma.

Sapina alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa amekwisha kujifuta uso.

"Hongera, Elekana," alisema, na hakuwa na mzaha.

Kwa miaka mingi Elekana alikuwa ameandaa jibu la siku hii. Lilikuwa jibu zuri, lenye aya nne. Alilitafuta akalikosa.

"Kuku ameiva vizuri," alisema.

"Wewe ndiye uliyempika."

"Wewe ndiye uliyemtoa."

Kelele za watu zikarudi kuwazunguka. Petelo alikuwa anauliza kama na Wakatoliki wanaweza kutengewa palusami za kubeba. Elekana alisogea kumpa dada yake nafasi kwenye mkeka.

"Jumamosi usimpitie Mama. Barabara ina matope, magoti yake hayamsaidii. Nitamleta mimi."

"Utamwacha mlangoni?"

"Nitaingia."

Sapina alimtazama kwa muda. "Ujue mimi sijabadilisha mawazo. Mama amesema anavyosoma yeye."

"Wala mimi sijabadilisha. Nitakaa nyuma kabisa, sitasumbua mtu."

"Nyuma wanakaa watoto wanaokula peremende," alisema Sapina. "Utakaa mbele kwa waimbaji. Miaka kumi na miwili hatuna mtu wa besi, Elekana. Wote mliondoka nao. Tunaimba kama kuku."

Elekana akataka kusema kwamba kwake nako, tangu wagawane, wamejaa besi tu na hawana sauti ya kwanza, na kwamba nyimbo zao zinasikika kama malori yanapanda mlima. Badala yake akauliza ni nyimbo gani wataimba Jumamosi. Sapina akaketi karibu naye kwenye mkeka, akaanza kumtajia.